Lebo za kale ndani ya belo, na begi la bibi harusi



Tangu picha za zile traki suti ndefu zilipozunguka kwenye simu zenu, maswali hayajakoma. Mashallah, nashukuru. Wengi mnauliza nguo nazitoa wapi. Wengine, na hawa ndio walionichekesha, mnauliza kwa nini mtumba wa miaka arobaini uuzwe bei kuliko traki suti mpya inayong'aa dukani. Leo Musoma mvua inanyesha tangu alfajiri na wateja hawatoki, basi nakaa nijibu kwa kirefu.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kitaji hapa Musoma mjini. Nimeishia kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushonaji, nikaolewa, nikaanza na cherehani moja ya kukanyaga. Nashona magauni ya harusi na abaya. Lakini kinachonilipia kodi ya pango miezi isiyo na harusi ni nguo za mazoezi zenye stara, na malighafi yake ni nguo za michezo za zamani zinazotoka kwenye mabelo. Nazifuata Mwanza, soko la Mlango Mmoja. Nikisikia bei imepanda huko, napitia Sirari navuka hadi Kisumu, pale Kibuye.

Sasa, lebo. Ulaya na Marekani kulikuwa na maduka makubwa ya ghorofa, ambayo mtu akiingia ananunua sindano, kitanda, jiko, gauni la harusi, hema na baiskeli bila kutoka nje. Maduka hayo hayakuuza tu vifaa vya michezo vya viwanda vingine. Yalikuwa na majina yao wenyewe, yaliyoshonwa kolani au kupigwa muhuri kwenye ngozi. Mengi ya maduka hayo yamekufa, na nguo zake ndizo zinazoishi huku kwetu.

Nianze na lebo iliyonipa kesi. Kuna hajjati mmoja mteja wangu, mama mzima namheshimu sana, aliirudisha traki suti ya buluu aliyoipenda kwa sababu ndani imeandikwa St Michael. "Mwanangu, mimi nitembee na jina la mtakatifu wa kanisani shingoni?" Nikamwambia shikamoo tena, mama, keti nikusimulie. Ile ni lebo ya Marks & Spencer ya Uingereza, waliitumia kuanzia 1928 hadi 2000. Jina ni la Michael Marks, baba wa mwenye duka. Huyu mzee alikuwa Myahudi aliyehamia Uingereza kutoka upande wa Urusi ya zamani, akaanza mwaka 1884 na meza sokoni Leeds, kila kitu bei moja, peni moja. Kwa lugha yetu alikuwa mmachinga. Hajjati akacheka mpaka akashika ubavu. Hata hivyo alisema nitoe lebo, na niliitoa. Moyo wa mteja ukisita, wembe upo, dakika moja imekwisha.

Ya pili ni Sears, ya Chicago. Hawa waliuza kwa kitabu chenye picha: mkulima wa mbali huko Marekani anafungua kitabu, anachagua, anatuma barua na pesa, mzigo unamfikia kwa posta. Nikiwaza ninavyowatumia nyinyi picha kwa simu na kupakia mzigo kwenye basi, naona hatujagundua jipya. Vifaa vyao vya michezo kwa miongo mingi viliitwa J.C. Higgins: bunduki za kuwinda, baiskeli, glavu za besiboli, ndoano. Kuanzia miaka ya 1960 wakatumia jina la mchezaji maarufu wa besiboli, Ted Williams, kwenye mahema na mifuko ya kulalia. Sears walikuwa na pesa kiasi cha kujenga Chicago jengo la ghorofa 110, lililomalizika miaka ya 1970 na kuwa refu kuliko yote duniani wakati huo. Mwaka 2018 wakaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Mfuko wa kulalia wa Ted Williams nimewahi kuupata, bitana yake ya flaneli yenye picha za bata. Niliukata nikapata blanketi mbili za mtoto mchanga, na zipu yake bado inafanya kazi kwenye begi langu la sokoni.

Ya tatu vijana wa hapa wanaivaa kila siku bila kujua. Sweta zenye kofia zilizoandikwa Abercrombie zimejaa Musoma yote, bodaboda wanazipenda. Watoto wanadhani ni jina la mwanamuziki. Lilikuwa duka la New York lililoanza 1892, likiuza mahema, bunduki, viatu vya porini na fimbo za kuvulia kwa matajiri. Baadaye lilikuwa na jengo la ghorofa kumi na mbili mtaa wa Madison. Rais Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1909, na mwandishi Hemingway alipokuja Tanganyika 1933, watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wateja wake. Duka lile lilifilisika miaka ya 1970, jina likanunuliwa, likageuka la nguo za vijana. Kwa hiyo jina lililovalisha wawindaji waliokwenda Serengeti limerudi kwa belo, na anayelivaa ni kijana wa Bunda anayekaa karibu na geti la Ndabaka na hajawahi kuingia mbugani hata mara moja. Mimi nikiliona naguna tu.

Mnaniuliza najuaje ni ya zamani. Kozi ilinifundisha kushona, lakini umri wa nguo nilijifunza kwa kufumua. Angalia zipu kwanza. Ikiwa ya chuma na imeandikwa Talon, hiyo ni ya Marekani na mara nyingi ni ya kabla ya zipu za Kijapani za YKK kutawala dunia. Angalia kipande cha maelezo ya kufua: Wamarekani walilazimishwa kisheria kuyaweka kuanzia 1972, kwa hiyo nguo ya Kimarekani isiyo nayo, na haionyeshi kukatwa, inaweza kuwa ya kabla ya hapo. Ikiandikwa imetengenezwa Ujerumani Magharibi, basi ni ya kabla ya 1990, maana nchi hiyo haipo tena kwa jina hilo. Na fulana: pindo la mkono likiwa na mstari mmoja wa uzi badala ya miwili, shtuka, inaweza kuwa ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990.

Kuna lebo moja ndogo naipenda kuliko zote, haina hata jina la duka. Ina rangi nyekundu, nyeupe na buluu na alama ya sindano na uzi. Ni ya chama cha wafanyakazi wa nguo za kike cha Marekani, kilichoanzishwa 1900 na kuungana na kingine 1995. Maana yake mwanamke aliyekaa kwenye cherehani alikuwa na chama, na kazi yake ilitambulika. Hizo sizitoi, hata nikibadilisha nguo yote. Naihamishia ndani ya pindo jipya. Mteja haioni, ni ya kwangu na yule mwenzangu.

Kuhusu bei, ukishika utajua. Pamba nzito, uzi uliosokotwa vizuri, mshono wa kwapa umewekewa kipande cha pembe nne ili mkono uinuke bila shati kupanda juu. Kipande hicho kwa mwanamke anayetaka kufanya mazoezi bila tumbo kuonekana ni dhahabu. Traki suti mpya za bei rahisi hazina, kitambaa chake ni cha plastiki, kinabana jasho na kinashika mwili. Ukisimama juani nakuona ulivyo. Sasa hiyo stara iko wapi?

Bibi zetu waliviita vitu hivi "kafa Ulaya". Mnakumbuka? Nguo ya mzungu aliyekufa. Jina hilo halikutoka hewani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara kubwa ya jumla ilishikwa na serikali, likaja Shirika la Biashara la Taifa, kisha makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Mama yangu anasimulia foleni ya duka la RTC hapa Musoma kama watu wanavyosimulia vita: unapanga tangu usiku, ukifika mbele unakuta zimebaki raba za mguu mmoja saizi. Raba za Bora hizo, ndizo zilizokuwa za mpira, za shule na za kwendea harusini. Mitumba ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 watu waliikimbilia huku wakiisema vibaya. Mpaka leo, mama wa bibi harusi akija kwangu lazima aulize, "Hii si kafa Ulaya?" Namjibu ukweli kwamba ndiyo imetoka kwenye belo, imelowekwa, imefuliwa kwa maji yanayotiririka mara tatu na kupigwa pasi. Nguo ya asiyekuwa Mwislamu asili yake ni tohara mpaka ujue kuna najisi. Hilo ustadh wetu amelieleza darasani mara nyingi.

Lakini ngozi si kitambaa, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mnaonunua mabegi, mikanda na viatu vya kale kwa ajili ya harusi.

Mwaka jana, baada ya Idi ndogo, nilipata kwenye belo la mabegi kitu kizuri sijawahi kukiona. Begi la michezo la mkononi, ngozi ya kahawia ya asali, mdomo mpana, vifungo vya shaba, ndani lina mfuko wa raketi. Lebo yake ilikuwa ya duka kubwa la London, jina limefutika nusu. Lilinigharimu elfu ishirini na tano. Nililitundika kibandani na siku ya pili tu akaingia kijana anayejiandaa kuoa. Bibi harusi wake nilikuwa namshonea gauni. Akalitaka liwe begi la harusi, lile anapeleka kwa mke likiwa na kanga, viatu, manukato, mswala na msahafu. Akatoa bei mwenyewe: laki moja na arobaini. Akatanguliza elfu sabini.

Elfu sabini ile haikulala. Ilikwenda siku hiyo hiyo kwenye bitana na lesi ya gauni la mchumba wake. Ijumaa nilikuwa nadaiwa laki moja na ishirini na kikundi chetu cha akina mama, tunaokopeshana bila riba, na kwa sababu hakuna riba basi kuna aibu, ambayo ni kali zaidi. Hesabu yangu yote ilikaa juu ya begi lile.

Jumatano nililitoa juani nilipake mafuta. Ngozi ikinywa mafuta vinyweleo vyake hujitokeza. Ngozi ya ng'ombe matundu yake ni madogo na yametawanyika sawasawa. Hii yalikuwa makubwa na yamekaa matatu matatu, pembetatu, pembetatu, mpaka kwenye mpini. Nikajua. Nikafunua ukingo wa bitana na nyuma yake nikakuta maandishi ya dhahabu yaliyopauka, herufi saba zilizosalia zikisema kwa Kiingereza ni ngozi ya nguruwe.

Msione ajabu. Huko ilikuwa ngozi ya heshima, ilitengenezea glavu, tandiko za farasi na mabegi ya wenye nacho. Hata viatu: Hush Puppies, vilivyoanza Marekani 1958, vilitengenezwa kwa suede ya nguruwe. Na kinyume chake, mpira wa Kimarekani ule wenye ncha mbili, wenyewe wanauita kwa jina la ngozi ya nguruwe ilhali ni wa ngozi ya ng'ombe. Jina lisikutishe wala lisikutulize, tazama vinyweleo.

Mnajua sheria yetu. Ngozi ya mnyama ikitiwa dabaghi hutoharika, na kwa wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, tunaoyafuata wengi wetu pwani na huku, wametolewa mbwa na nguruwe. Dabaghi haiwasaidii. Na lile begi lilikuwa liwekewe msahafu.

Nikampigia yule kijana. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Anti, sasa nani atajua? Ngozi yenyewe imekauka miaka hamsini." Nikamwambia mimi najua, na wewe sasa unajua. Akakasirika, tena kwa haki yake, zilikuwa zimebaki siku tisa na begi lile alikuwa ameshawaonyesha shangazi zake picha. Akataka pesa yake siku hiyo hiyo. Binti naye akanuna, wiki nzima hakuja kupima gauni.

Jioni nikaenda kwa ustadh nikiwa na swali ambalo nadhani nanyi mngeuliza: je, nimuuzie asiye Mwislamu? Kwa sababu habari zilikuwa zimeshafika kwa dereva mmoja wa watalii wa Bunda, Mkristo, mtu mstaarabu, aliyetaka kulitundika hotelini na akatoa laki mbili. Laki mbili, dada zangu. Ustadh akanijibu bila kupepesa kwamba najisi ile haiuziki, thamani yake si halali yangu, anunue yeyote. Akasema kama mtu anataka kulichukua, niondoe mkono wangu alichukue, na nisipokee kitu. Nikamwambia dereva hivyo. Alidhani nampima, akaongeza elfu ishirini. Mwisho akalichukua bure akiwa ananitazama kama mtu mwenye homa.

Kisha nikasafisha. Meza niliyolipakia mafuta, mikono, kitambaa: mara saba kwa maji, moja ikiwa na udongo, maana palikuwa na unyevu wa mafuta. Mwanangu alinisaidia kuleta udongo na akauliza kwa nini mama anaoga matope. Najua madhehebu mengine wana wepesi katika hili, na siwapingi. Mimi nimefanya ninavyofundishwa.

Pesa nililipa hivi. Kijana nilimrudishia elfu arobaini siku ile na thelathini baada ya juma. Kikundi nilikwenda Ijumaa mwenyewe, nikasimama, nikasema sina yote, nina hamsini. Mwenyekiti alitaka sababu. Nikasema. Kukawa kimya, halafu mama mmoja akauliza kama viatu alivyovaa yeye ni ng'ombe au si ng'ombe, na kikao kizima kikavua viatu. Ilikuwa zaidi ya saa tunakagua vinyweleo kwa tochi ya simu. Jozi moja ilitoka na wasiwasi. Deni langu nililimaliza mwezi wa tatu yake, kwa kuuza vitenge nilivyokuwa nimejiwekea. Vilikuwa vizuri, bado navikumbuka.

Harusi ilikuwepo, begi likawa la nailoni la magurudumu, na gauni lilikaa mwilini alhamdulillah ingawa tulipima mara moja tu. Miezi mitano baadaye binti alirudi. Presha ilikuwa imempanda, daktari amemwambia atembee kila siku, na mumewe amekubali kwa sharti la stara. Ndiyo ile traki suti ya kijani mliyoiona pichani. Ilikuwa ya kiume, ya pamba, na lebo ya duka la Marekani. Nilichofanya ni hiki: koti nililirefusha hadi juu kidogo ya goti kwa kuunga kitambaa cha suruali ya pili, nikatia vipande vya pembetatu ubavuni ili akipiga hatua ndefu lisivutike, nikabadilisha lastiki ya kiuno ikawa pana, na mtandio nikaukata kwenye fulana nyepesi ya pamba, unavaliwa kichwani bila pini. Pini na mazoezi havipatani.

Mtandio wa michezo si jambo geni tena duniani. Aheda Zanetti wa Australia alibuni vazi la kuogelea la stara mwaka 2004, FIFA wakaruhusu mtandio uwanjani 2014, mpira wa kikapu wakafuata 2017. Mimi nilicheza netiboli UMISSETA nikiwa nimefunga kanga chini ya sketi ya marinda, na refa akinitaka niitoe kila mechi. Wasichana wa sasa wana nafuu, kilichobaki ni bei, na ndiyo maana nahangaika na mabelo.

Binti anatembea sasa na wenzake wanne baada ya alfajiri, kando ya ziwa. Nimewaambia wasiende kabla ya kupambazuka, si kwa sababu ya wanaume tu, viboko wetu wa Musoma nao hurudi majini saa hizo na hawampishi mtu.

Wanaotaka kuagiza, nitumieni vipimo vitano: kifua, kiuno, nyonga, urefu kutoka bega hadi goti, na urefu wa mkono ukiwa umeinuliwa juu, si ukiwa umeshushwa. Huo wa mkono wengi mnaukosea. Na mwenye begi, mkanda au kiatu cha ngozi ya kale anayetilia shaka, paka mafuta kidogo kwa pamba, uwe umevaa glavu, weka juani nusu saa, piga picha ya karibu unitumie. Kutazama sitozi kitu.

Wassalaam, dada yenu wa Kitaji.